INJINI YA KALE INAPOKATAA KUWAKA
Habari za pikipiki ya Triumph ya mwaka 1915

Leo twataka kuzungumza habari za chombo ambacho wengi wenu mlikijua kwa sauti kabla ya kukijua kwa macho. Pikipiki hujitangaza yenyewe toka mbali. Watu husema hata jina lake limetokana na mlio wa injini. Lakini nia yetu leo si kusifu pikipiki iendayo. Twataka kusema juu ya ile isiyokwenda, ijapokuwa imefungwa vizuri, imepakwa rangi, na mwenyewe amekwisha waita jirani zake waje kuitazama.

Tuseme fundi mmoja amepata pikipiki ya Kiingereza ya zamani sana, Triumph ya aina ya H, ambayo ilianza kutengenezwa katika mji wa Coventry mwaka 1915. Ameipata vipande vipande, mingine imo ndani ya sanduku, mingine imeshikana kwa kutu. Amefanya kazi miezi mingi. Amefungua injini yote, ameosha kila kipande kwa mafuta ya taa, ametia pistoni mpya na ringi mpya, amesaga vali hata zikaketi sawasawa, na magneto ameifanyia nyaya mpya. Siku imefika. Anatia petroli, anapiga kiki. Kimya. Anapiga tena, na tena. Mara ya kumi injini yakohoa, na ulimi mdogo wa moto watoka katika mdomo wa kabureta. Mara ya kumi na mbili bomba la moshi lalia kama bunduki, na kuku wote wa kiambo hutawanyika. Baada ya hapo hapana neno tena ila jasho la fundi.

Labda mtauliza, jambo hili lina nini na habari za kale? Si kazi ya karakana tu? Sisi twaona kwamba lina mengi. Kwanza, kila kipande cha injini ile kiliwekwa pale kwa sababu kipande kilichotangulia kiliwatesa watu, na asiyejua mateso yale hawezi kujua kipande hiki chafaa nini. Pili, kiwanda cha pikipiki za Triumph kilichokuwa katika barabara ya Priory, Coventry, kiliteketea usiku wa tarehe 14 Novemba 1940, ndege za Wajerumani zilipoupiga mji ule mabomu. Michoro na karatasi za kiwanda ziliteketea pamoja nacho. Kwa hiyo fundi wetu hana mahali pa kuandikia barua akauliza vipimo. Chuma kilichobaki ndiyo hati yenyewe, na akikiharibu amechoma ukurasa usio na nakala nyingi.

Basi na tuanze mbali kidogo. Mwaka 1876 Mjerumani Nikolaus Otto alifaulu kutengeneza injini ya mapigo manne, na pikipiki yetu yafuata desturi ile ile. Katika pigo la kwanza pistoni hushuka, vali ya kuingizia hufunguka, na hewa iliyochanganyika na mvuke wa petroli huvutwa ndani ya silinda. Katika pigo la pili vali zote mbili zimefungwa. Pistoni hupanda na kuubana mchanganyiko ule hata ukaingia katika nafasi iliyo kama robo ya ile ya kwanza. Katika pigo la tatu cheche huuwasha, na moto huisukuma pistoni chini kwa nguvu. Hili peke yake ndilo pigo la kazi; mengine matatu ni ya matayarisho. Katika pigo la nne vali ya kutolea hufunguka, pistoni hupanda tena, na moshi hutoka. Basi hesabuni: pistoni imepanda mara mbili, krenki imezunguka mara mbili, na cheche imetakiwa mara moja tu. Twawaomba myaweke maneno haya moyoni, maana ugonjwa wa injini yetu umejificha humo.

Gottlieb Daimler, ambaye zamani alifanya kazi pamoja na Otto, alikwenda akakaa Cannstatt karibu na Stuttgart pamoja na rafiki yake Wilhelm Maybach. Mwaka 1885 wakaweka injini ndogo ndani ya chombo cha mbao chenye magurudumu mawili makubwa na mengine mawili madogo ya pembeni ya kuzuia kisianguke. Nguvu yake ilikuwa nusu ya nguvu ya farasi mmoja. Hawakuwa na cheche ya umeme. Walitumia kibomba kidogo kilichotiwa moto kwa taa nje ya silinda hata kikawa chekundu. Mchanganyiko ulipobanwa ulikigusa ukawaka. Mwezi wa Novemba mwaka ule Paul, mwana wa Daimler, alikipanda toka Cannstatt mpaka Untertürkheim, na njiani kiti kikashika moto, kwa kuwa taa ile ilikuwa chini yake. Chombo chenyewe hakipo tena. Kiliungua kiwanda cha Cannstatt kilipopata moto mwaka 1903, na vile vinavyoonyeshwa katika nyumba za ukumbusho ni mifano iliyotengenezwa baadaye.

Ubaya wa kibomba cha moto haukuwa kuunguza kiti tu. Ubaya wake mkubwa ni kwamba mwendeshaji hakuweza kukiamuru, Washa sasa, au, Ngoja kidogo. Kiliwasha kilipotaka. Mwaka 1894 ndugu Hildebrand na Wolfmüller wa Munich walipoanza kuuza pikipiki kwa watu wengi, injini yao ilikuwa kubwa sana, karibu lita moja na nusu, lakini nayo ilitumia kibomba kile kile, na ikapata sifa mbaya ya kuwa ngumu kuwaka. Wafaransa wa De Dion-Bouton wakatumia betri na koili. Hapo majira ya cheche yaliweza kutawaliwa, na injini zao ndogo zikazunguka mara 1,800 kwa dakika, ambapo ya Daimler ilikuwa kama mara 600. Lakini betri za siku zile zilikwisha nguvu njiani, na mtu akabaki anasukuma chombo maili nyingi huku petroli yake imejaa tele.

Dawa ya betri ilikuwa magneto. Hii ni mashine ndogo yenye sumaku, na ndani ya sumaku kuna koili inayozungushwa na injini yenyewe. Kwa kuzunguka tu hutoa umeme, bila ya betri. Robert Bosch wa Stuttgart alitengeneza ya kwanza mwaka 1887 kwa injini zisizohama. Mwaka 1897 aliletewa gari la De Dion la magurudumu matatu, akatakiwa aitie magneto. Hapo shida ikatokea. Magneto yake ilikuwa nzito, ikitikisika huku na huku, na haikuweza kufuata mbio za injini ile. Arnold Zähringer, msimamizi wa karakana ya Bosch, akafikiri: kwa nini kutikisa kitu kizito? Akaiacha koili itulie, akatikisa ganda jepesi la chuma baina yake na sumaku, na injini ikaenda. Mwaka 1902 mwenzao Gottlob Honold akatimiza magneto ya umeme mkali, itoayo cheche katika plagi kama tuijuavyo. Sisi hupenda kisa cha Zähringer kuliko vingine vyote vya habari hizi, kwa sababu hakuongeza nguvu mahali palipokosa nguvu. Aliuliza kwanza ni kitu gani kinachosumbuka.

Mwaka ule ule wa 1902 kampuni ya Triumph ya Coventry, iliyokuwa ikitengeneza baiskeli, ilitoa pikipiki yake ya kwanza kwa kutumia injini ya Minerva kutoka Ubelgiji. Wakubwa wake, Siegfried Bettmann na Mauritz Schulte, walikuwa wazaliwa wa Ujerumani waliohamia Uingereza. Kuanzia mwaka 1905 wakatumia injini waliyoitengeneza wenyewe.

Jinsi mashine za miaka ile zilivyokuwa, twaweza kuona katika mashindano ya kwanza ya Tourist Trophy, yaliyofanywa kisiwani Isle of Man tarehe 28 Mei 1907. Njia ilikuwa kama maili 158, nayo mbovu. Charlie Collier alishinda upande wa injini za silinda moja kwa mwendo wa maili 38 na kidogo kwa saa, na Jack Marshall akawa wa pili kwa Triumph. Mwaka uliofuata Marshall akashinda. Rem Fowler alishinda upande wa silinda mbili. Mshindi huyu alisimama njiani mara nyingi, kubadili plagi, kutengeneza mkanda, kuziba gurudumu. Hata hivyo akashinda. Kwa hiyo mpanda pikipiki wa zamani ile alikuwa fundi kwanza na mpandaji baadaye.

Ndipo vita vikaja mwaka 1914. Majeshi yaliyokuwa yakirudi nyuma toka Mons hayakuweza kutegemea simu ya waya, kwa kuwa nyaya hukatika. Barua za majemadari zilipelekwa na vijana waliopanda pikipiki usiku bila taa, katika barabara zilizojaa magari, farasi na watu waliokimbia makwao. Fikirini kijana ambaye injini yake imekohoa na kuzimika kandokando ya shamba, na ndani ya mkoba wake mna amri ya kikosi kihame kabla ya mapambazuko. Hana kitabu, hana taa. Ana vidole vyake, na utaratibu aliofundishwa.

Bettmann alikuwa Meya wa Coventry wakati ule, naye akatakiwa apeleke Ufaransa pikipiki mia kwa haraka kubwa. Kisha ikaja aina ya H, silinda moja yenye upana wa milimita 85 na mwendo wa pistoni wa milimita 97, yaani kama sentimita mchemraba 550, na gia tatu zilizotengenezwa na Sturmey-Archer. Majeshi yalipewa kama 30,000 za aina hiyo, na askari wakaiita kwa jina lenye maana ya Mwaminifu. Hata huku kwetu vita vile vilileta pikipiki: mwaka 1916 kikosi cha wapanda pikipiki kutoka Afrika ya Kusini kilipigana katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, na mtu aliyewahi kupita njia za bara wakati wa masika aweza kukisia taabu waliyoipata.

Lakini palikuwa na aibu moja iliyofichika. Vita vilipoanza, magneto za Waingereza karibu zote zilikuwa zimenunuliwa kutoka Ujerumani, kwa Bosch. Adui ndiye aliyekuwa na cheche. Viwanda vya Birmingham vikalazimika kujifunza kazi hiyo kwa haraka, na nyingine zikanunuliwa Marekani. Twalitaja jambo hili kwa kuwa linamhusu fundi wetu. Injini ya miaka ile aweza kuikuta na magneto ya kiwanda chochote, ama iliyotolewa katika injini nyingine kabisa. Magneto hutengenezwa kwa kuzunguka upande mmoja, kuume au kushoto. Ikizungushwa kinyume, platini hufunguka wakati ambapo umeme wa koili u haba, na cheche huwa dhaifu, kana kwamba magneto ni mgonjwa. Siyo mgonjwa, imewekwa kazi isiyo yake. Mshale uliochongwa juu yake hueleza upande, kama kutu haikuula.

Sasa turudi kwa fundi wetu, tumemwacha akitoka jasho. Jirani mmoja amesema ni petroli. Mwingine amesema ni plagi. Wa tatu anataka kabureta ifunguliwe yote. Fundi asiye na subira hufuata mashauri yote matatu kwa pamoja, na injini ikiwaka hajui ni lipi lililoiponya, na ikikataa amejiongezea makosa mapya matatu. Sheria ya wapeleka barua wa zamani ilikuwa kubadili jambo moja, kisha kujaribu.

Anaanza na cheche, kwa kuwa ndiyo rahisi kuonekana. Anatoa plagi, anailaza juu ya silinda huku waya umeshikwa nayo, anapiga kiki kivulini. Kwanza anaisogeza mbali na tundu, asije akawasha mvuke wa petroli utokao mle. Cheche ya buluu inaruka vizuri. Kama isingeruka, angetazama platini ziwe safi, na nafasi yao zinapofunguka iwe kama milimita tatu ya kumi. Angeuliza tena kama sumaku ziliachwa mezani siku nyingi bila kipande cha chuma cha kuziunganisha ncha, maana sumaku za zamani hupoteza nguvu hivyo. Na kama magneto ina sumaku mbili, moja ikirudishwa kinyume cha mwenzake hubatilishana, na kazi yote imekwenda bure. Lakini cheche ipo.

Petroli je? Plagi imelowa, basi petroli yafika. Kama ingekuwa kavu, angetafuta takataka katika tundu dogo la kabureta. Na kama kabureta ingefurika, angelitoa lile boya la shaba lielealo ndani na kulitikisa karibu na sikio; likiwa limetoboka, petroli husikika ikichezacheza ndani yake. Hapa twatoa onyo. Boya lenye petroli ndani lisitiwe moto wala kulehemiwa mpaka petroli yote imetolewa na mvuke wake umekwisha, maana litapasuka. Mtu hulizamisha katika maji ya moto, mbali na moto wenyewe. Mapovu huonyesha lilipotoboka.

Nguvu ya kubana ipo pia. Anapokanyaga kiki polepole, mara moja katika mizunguko miwili mguu wake wazuiwa kana kwamba umekanyaga mto uliojaa hewa. Katika injini hii kichwa cha silinda hakifunguki, kimeyeyushwa pamoja na silinda. Juu ya vali kuna vifuniko viwili vya skrubu, na hewa hupenda kuponyoka hapo. Anapaka maji ya sabuni, anakanyaga tena, hapana povu. Anatazama pia waya wa kuinulia vali ya kutolea, ambao mpandaji huuvuta ili injini izunguke kwa wepesi. Ukifungwa mfupi mno huishika vali wazi daima. Huu umelegea kidogo, kama ipasavyo.

Basi cheche ipo, petroli ipo, mbano upo, na injini haiwaki. Wengi hukata tamaa hapa. Fundi wetu anaketi juu ya sanduku, anakumbuka mapigo manne.

Pistoni hufika juu mara mbili. Mara moja imebana mchanganyiko. Mara nyingine imetoa moshi. Kwa jicho hazitofautiani, maana pistoni ni ile ile, mahali ni pale pale. Alipofunga magneto alitia ufito katika tundu la plagi, akapandisha pistoni hata juu, akasema, Hapa ndipo cheche iwe, akakaza nati. Hakuuliza pistoni imefika juu kwa kazi gani. Magneto huzunguka mara moja kila krenki inapozunguka mara mbili. Akikosea mzunguko mmoja, cheche nzuri ya buluu yatoka kila mara mwisho wa pigo la kutoa moshi, wakati vali ya kuingizia yaanza kufunguka. Kwa sababu hiyo ulimi wa moto ulitoka katika kabureta, na petroli isiyowaka iliyosukumwa katika bomba la moshi ikapasuka kama bunduki. Injini ilikuwa ikimwambia kosa lake tangu asubuhi kwa lugha mbili.

Anaanza upya. Anaweka kidole gumba katika tundu la plagi, anazungusha krenki mpaka hewa inamsukuma kidole, na tapeti zote mbili zimelegea, ishara kwamba vali zote zimefungwa. Hilo ndilo pigo la kubana. Anafikisha pistoni juu. Wenzo wa kuchelewesha cheche anauweka mwisho wa kuchelewa. Anabanisha karatasi nyembamba ya sigara baina ya platini, anaivuta polepole huku akizungusha magneto kwa mkono. Pale karatasi inapoachiliwa, platini zimeanza kufunguka, na hapo ndipo cheche huruka. Anakaza nati, anahakikisha mara ya pili kwamba haikuteleza katika kukaza. Hupenda kuteleza.

Kabla ya kupiga kiki anauacha wenzo ule pale pale. Kama angeuwahisha, cheche ingetoka pistoni ingali inapanda, na injini ingezunguka kinyume ghafula. Kiki hurudi kama teke la punda, na wako watu waliovunjika mguu kwa kusahau jambo hili moja.

Injini inawaka kwa pigo la tatu. Jirani wanashangilia. Baada ya dakika kumi inaanza kulegea, inapoteza nguvu, inazimika. Inapopoa, inawaka tena vizuri, na ikipata moto inazimika tena.

Shangwe imekwisha, na sasa kuna wanaoshukiwa watatu. Wa kwanza ni magneto: kondensa yake ya zamani, ama nyaya za koili, huweza kufanya kazi zikiwa baridi na kushindwa zikipata moto. Wa pili ni pistoni. Za mwanzo zilikuwa za chuma cha kuyeyusha. Inasimuliwa kwamba mwaka 1913 Mwingereza W. O. Bentley aliona juu ya meza ya kiwanda cha D.F.P. huko Ufaransa kizuio cha karatasi mfano wa pistoni ya aluminiamu, akatambua kwamba pistoni ya kweli yaweza kutengenezwa kwa madini hayo mepesi, na baadaye injini za ndege zikafaidika. Lakini aluminiamu hutanuka kwa joto kama mara mbili ya chuma. Fundi akitia pistoni ya aluminiamu katika injini ya 1915 kwa nafasi iliyopimwa kwa pistoni ya chuma, itashikana na silinda, na silinda ile haina badala. Wa tatu ni vali.

Njia ya kuwatambua ni kutosubiri. Mara injini inapozimika, ingali na moto, fundi anakanyaga kiki polepole. Ikiwa nzito isivyo kawaida, pistoni yataka kushikana. Aache mara moja. Ikiwa mbano ni mzuri lakini plagi haina cheche, magneto ndiyo yenye hatia. Hapa kiki inashuka kwa wepesi, bila kuzuiwa hata kidogo. Mbano umekwenda.

Sababu yake ni kazi nzuri aliyoifanya mwenyewe. Aliposaga vali, zilizama kidogo zaidi katika viti vyao, na ncha zao za chini zikazikaribia tapeti. Injini ikiwa baridi palibaki nafasi nyembamba kama unywele. Ilipopata moto, mti wa vali ya kutolea ulirefuka, ukakalia tapeti, na vali haikuweza kufunga tena. Katika tapeti nyingi kuna nati ya kurekebishia. Katika nyingine za kale hapana budi kusugua ncha ya vali kwa jiwe, kidogo kidogo, na kupima kila mara, kwa kuwa chuma kilichosuguliwa hakirudi. Vali ya kutolea ipewe nafasi kubwa kuliko ya kuingizia. Mafundi wa zamani walipima moja kwa kadi ya jina na nyingine kwa karatasi ya kuandikia.

Jambo la mwisho ni mafuta. Injini hii haina pampu ijiendeshayo. Mpandaji mwenyewe husukuma pampu ya mkono kila baada ya maili chache, na mafuta yale huungua yasirudi tena. Akisahau, pistoni hushikana. Akizidisha, moshi wa buluu hufuata nyuma yake na plagi huchafuka. Moshi mweusi ni habari nyingine: hiyo ni petroli iliyozidi hewa.

Jioni fundi wetu amekwenda maili sita na kurudi. Mkanda umelegea, nati mbili zimetikisika, na mkono wake umeungua kidogo kwa bomba. Anangoja injini ipoe kabisa, anapima tena nafasi za tapeti na kuziandika katika daftari, pamoja na mahali pistoni ilipo platini zinapofunguka, na unene wa kila washa. Kisha anafunga bilula ya petroli, maana kabureta zile zikiachwa usiku huvuja.